Taa ya Samaki wa Munene

Murugi wa Giakanja alizaliwa na kinyaa kama vile watu wengine huzaliwa na kidole cha sita. Akiwa na miaka minne alikataa uji kwa sababu nzi alikuwa ametua ukingoni mwa kikombe, na nzi mwenyewe alikuwa ameshaenda zake. Nyanya yake alimtazama akitema mate, akatikisa kichwa. "Huyu ataolewa na nani? Na akiolewa, nepi zitafuliwa na nani?" Zizi la ng'ombe alilifagia akiwa amejifunga leso hadi chini ya macho. Siku ya supu ya kichwa cha mbuzi, ndugu zake wakigombania macho na ulimi, yeye alijificha kwenye michai mpaka sufuria ioshwe.

Aliolewa. Nepi za watoto wawili, Nyawira na mdogo wake, akazifua, na hakufa. Lakini kinyaa chenyewe hakikumwacha, na mwishowe ndicho kilichomchagulia kazi. Stima ilipofika soko la Giakanja, Murugi akiwa msichana wa darasa la saba, alimwona fundi mmoja amechuchumaa mlangoni pa duka akimenya waya. Ile plastiki ilitoka kama ganda la ndizi, na chini yake shaba ikang'aa, safi, kama kitu ambacho hakijawahi kuguswa na mtu tangu dunia iumbwe. Alisimama pale akiangalia mpaka chumvi aliyotumwa ikasahaulika. Akaamua, hii ndiyo kazi yake.

Asichokijua wakati huo ni kwamba waya ni msafi, anayeufunga ni binadamu. Katika miaka ishirini na sita ya ufundi, Murugi alikuta panya waliokauka ndani ya masanduku ya breka za stima, soketi zilizozibwa kwa chingamu, na nyaya za kanisa moja zilizoungwa kwa karatasi ya sigara. Kwa miaka tisa kati ya hiyo alifundisha katika chuo cha ufundi huko Tetu, kisha akashuka mjini Nyeri na kufungua kibanda chake mwenyewe. Watu walimpenda kwa kazi yake na kumwogopa kwa uso wake. Akikuta kazi mbovu hakusema kitu. Pua ilipanda, mdomo wa juu ukajikunja, na mwenye nyumba akajua.

Alhamisi moja asubuhi, mwaka jana, alipigiwa simu na Munene, mwenye hoteli ya chakula kwenye barabara inayopanda kutoka sokoni.

"Mama Nyawira, kuja haraka. Niko na shida ya stima na Jumamosi niko na wageni wa ruracio, wanaleta mahari kutoka Sagana. Watu themanini!"

Shida yenyewe, Munene alivyoieleza baada ya Murugi kufika, ilikuwa hivi. Pale mlangoni pa hoteli palikuwa na tangi kubwa la kioo la samaki wa mapambo, refu kama jeneza, ambalo Munene alilinunua ili watu wajue kwamba hoteli yake si ya chapati na maharagwe tu. Juu ya tangi kulikuwa na kifuniko cha chuma chenye taa ndani yake. Wiki mbili zilizopita, baada ya jengo la jirani kuungua, mwenye jengo la hoteli alileta watu wake wakafunga swichi mpya ya usalama kwenye sanduku kuu la stima. Tangu siku hiyo, kila taa ya samaki ikiwashwa, swichi ile inaruka, na hoteli nzima inazimika: friji, jiko la chipsi, televisheni, kila kitu.

"Hiyo swichi yao ni takataka," Munene alisema. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sweta ya kijivu na simu mbili mkononi. "Hiyo taa imefanya kazi miezi mitano bila neno. Swichi inakuja, ati sasa taa ni mbaya. Wewe itoe tu, upige direct."

Kupiga direct, kwa lugha ya mafundi wa kule, ni kuiruka swichi ya usalama, stima ipite moja kwa moja bila mlinzi. Murugi alikuwa ameshaanza kunusa.

Harufu ilitoka kwenye tangi. Si harufu ya samaki tu. Ilikuwa ya kitu kilichokufa zamani kikasahauliwa, na juu yake mtu amenyunyiza manukato ya kupulizia chooni. Maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi iliyolala. Samaki sita wa dhahabu walielea karibu na uso wa maji, wakifungua midomo na kuifunga. Kioo kwa ndani kilikuwa na utando wa kijani ambao mtu alikuwa ameufuta sehemu moja tu, pale mbele, mahali wateja wanapoangalia.

Mama yake Murugi hakuwahi kuonja samaki maisha yake yote. Alimwita nyoka wa majini, kama wazee wengi wa Tetu walivyomwita. Murugi alikuwa akimcheka kwa hilo. Siku hiyo hakumcheka.

"Nani huosha hii?" aliuliza.

"Wachuka," Munene akasema, akaita.

Wachuka alitoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kazi yake ilikuwa kupokea wateja, kuosha meza, na kuwalisha samaki kila asubuhi kabla hoteli haijafunguliwa.

"Naosha mbele tu, mama," alisema. "Huko ndani mimi naogopa."

"Unaogopa nini?"

Wachuka alimtazama Munene kwanza. Munene akacheka. "Ati samaki wanamuuma! Wachuka ni mwoga sana. Rudi jikoni, maandazi yataungua."

Murugi alianza kazi. Alichomoa kila kitu kilichokuwa kinatumia stima kwenye tangi: pampu ya kuchuja maji, hita ya kuwapa samaki joto kwa sababu ya baridi ya Nyeri, na taa. Akarudisha swichi kuu. Ikakaa. Akachomeka pampu, akasubiri. Swichi ikakaa. Akachomeka hita. Kimya. Akachomeka taa.

Tap! Hoteli ikawa giza, na kutoka jikoni mpishi akatukana.

"Si unaona!" Munene alipiga kelele.

Murugi alichomoa taa, akakibeba kile kifuniko cha chuma kwa vidole viwili viwili, kama mtu anayebeba paka aliyekufa, akakiweka juu ya meza ya mbao mbali na maji. Akachomeka tena. Taa ikawaka vizuri, nyeupe, yenye ubluu kidogo, na swichi haikuruka.

Munene alipiga makofi. "Haleluya! Taa ni mzima. Nilikuambia ni swichi."

Murugi alitoa testa mfukoni, ile bisibisi ndogo yenye taa ya kuonyesha stima, akaigusisha kwenye bati la kifuniko. Testa ikawaka nyekundu.

Aliiondoa, akaigusisha upande mwingine. Nyekundu. Kwenye mpini ambao mtu hushika akifungua kulisha samaki. Nyekundu.

"Hiyo ni nini?" Munene aliuliza, na kicheko kikapungua.

"Ni stima," Murugi akasema. "Iko kwa chuma. Hapa juu ya mbao haina pahali pa kwenda, ndiyo swichi imenyamaza. Ukiiweka juu ya maji inapata njia, inateremkia kwa maji, inatokea kwa pampu. Swichi inaiona ikitoroka, inakata. Hiyo swichi yao ndiyo kitu kimoja tu kizima hapa ndani."

Alizima, akachomoa, akafungua skrubu za kifuniko. Nusu yake zilikuwa zimekuwa kutu tupu na zikakatika. Ndani, Mungu wangu. Mvuke wa maji ulikuwa umeingia kwa miezi, ukachanganyika na chumvi ambayo Munene alikuwa akiimwaga kwenye tangi kila samaki walipougua, maana mtu alimwambia chumvi ni dawa. Chumvi ilikuwa imeota kama ukungu mweupe kwenye nyaya. Chini yake kulikuwa na ute wa kahawia, mzito, unaovutika, na ndani ya ute mende saba au wanane waliopikika kwa joto la taa. Plastiki ya waya mmoja ilikuwa imepasuka, na shaba, ile shaba aliyoipenda tangu darasa la saba, ilikuwa imegeuka kijani na kulala kwenye ule ute, unywele mmoja tu kutoka kwenye bati.

Murugi aligeuka pembeni, akashika ukingo wa meza. Hakuwa ameona kazi chafu hivi tangu wale panya.

Lakini kilichomchafua roho kilikuwa bado. Alifungua plagi ya taa. Waya wa ardhini, ule wa kijani na njano ambao kazi yake ni kuiteremsha stima iliyotoroka kabla haijamfikia mtu, ulikuwa umekatwa. Haukung'oka wala kuoza. Umekatwa kwa koleo, sawasawa. Akapiga magoti nyuma ya kabati la tangi, kwenye soketi ukutani. Ilikuwa soketi nzuri, ya usalama, yenye kitufe chake cha kujaribia. Alipokibonyeza kitufe, soketi haikufanya kitu. Akaifungua. Nyuma yake nyaya zilikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Soketi ilibaki sura tu, kama mlinzi aliyekufa akasimamishwa getini na kofia yake.

Na yale maungio yalifungwa vizuri. Hilo ndilo lililomfanya Murugi akae chini kabisa, kwenye sakafu ile yenye utelezi. Tepu nyeusi ilizungushwa mara tatu, imevutwa barabara, na mwisho wake umekunjwa ndani kidogo ukaacha kimkia, ili fundi atakayekuja baadaye apate pa kushika akitaka kuifungua. Hakuna fundi mwingine Nyeri aliyefundisha kimkia kile. Alikuwa amekibuni yeye mwenyewe kule chuoni, akawapigia wanafunzi wake kelele miaka tisa mpaka wakakizoea.

"Nani alitengeneza hii?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kijana mmoja wa Wamagana," Munene akasema. "Mutahi. Fundi mzuri sana. Soketi ilikuwa inaruka kila siku, yeye alimaliza hiyo shida na dakika kumi."

Mutahi. Murugi alimkumbuka: dawati la mbele, mikono myepesi, mwanafunzi aliyeachiwa funguo za karakana. Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na nne, mwenye mke na pikipiki. Murugi alimpigia simu akiwa bado amekaa sakafuni.

"Mwalimu!" Sauti ya furaha. "Siku nyingi!"

"Niko kwa Munene, hapa kwa samaki. Kuja."

"Mwalimu, hiyo ilikuwa ya muda tu..."

"Kuja, Mutahi."

Wakati wa kumsubiri, Wachuka alitoka tena jikoni, safari hii bila kuitwa. Alisimama akiutazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine.

"Mama," alisema, "hiyo kitu hunishika. Nikishika hapo kwa mpini na hii mkono, na hii nyingine iko kwa maji natoa chakula kimelala, hunishika mpaka hapa." Alionyesha begani. "Halafu mkono unakufa ganzi mpaka saa nne. Nilimwambia bosi. Akasema nivae sweta ingine, ni baridi."

Munene aliangalia simu yake moja, kisha nyingine.

"Ilianza lini?" Murugi aliuliza.

"Tangu Mutahi atengeneze. Kabla yake ilikuwa inazimika tu."

Miezi mitano, mpaka swichi mpya ilipofungwa. Murugi alihesabu asubuhi zile kichwani akaacha njiani. Mkono mmoja kwenye chuma, mmoja majini, na kifua katikati. Kilichomwokoa mwanamke huyu hakikuwa fundi wala bosi. Ule ute wa mende na chumvi ulikuwa katikati ya waya na bati, ukiivujisha stima kidogo kidogo badala ya kuiachia yote. Uchafu wenyewe ndio uliokuwa na huruma. Wazo hilo lilimtia kinyaa kuliko harufu.

Mutahi alifika akiwa na kofia ya pikipiki mkononi. Alinyoosha mkono kumsalimu, Murugi hakuupokea. Alimwonyesha tu soketi iliyofunguliwa, na ule waya uliokatwa.

"Mteja alisema anataka hivyo," Mutahi akasema. "Nilimwambia ni ya wiki moja, anunue taa mpya, nirudi niweke vizuri. Mzee, si nilikuambia?"

"Uliniambia," Munene akasema. "Lakini taa ilikuwa inawaka! Kitu inawaka unaitengeneza ya nini?"

"Na ulirudi?" Murugi alimuuliza Mutahi.

"Hakuniita, mwalimu."

"Na kimkia ukakunja."

Mutahi aliinamisha macho. Munene hakuelewa ni mkia gani.

Murugi alisimama, akajipangusa magoti. Hakupaza sauti. Wateja wawili waliokuwa wakinywa chai dirishani walikuwa wameshaacha kunywa. "Nyinyi wawili mnasema ni jambo dogo. Sawa. Naweza kuizima hii swichi mpya, nirudishe taa vile ilikuwa kwa hiyo miezi mitano. Halafu mmoja wenu ashike mpini, aweke mkono kwa maji, alishe samaki. Mutahi? Ni kazi yako. Munene? Ni samaki wako."

Hakuna aliyesogea. Munene alijaribu kucheka, sauti ikatoka kama kikohozi. Mutahi alikuwa ameuficha mkono wake nyuma, bila kujua, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Mimi nimeweka kila siku," Wachuka alisema.

Alilisema polepole, bila hasira, kama mtu anayegundua jambo wakati ule ule anapolisema. Kisha akaifungua aproni, akaikunja mara mbili, na kuiweka juu ya kaunta mbele ya Munene.

Mmoja wa wale wateja, mzee aliyevaa koti la mvua, aliweka kikombe chini na kutoka bila kumaliza chai. Huenda hilo ndilo lililomgusa Munene, kwa sababu alianza kusema haraka haraka: tengenezeni, ng'oeni kila kitu, lakini Wachuka asiende, Jumamosi ni Jumamosi. Wachuka alikuwa ameshafika mlangoni. Murugi alimfuata, akampeleka kliniki iliyokuwa juu zaidi kwenye barabara hiyo, akakaa naye kwenye benchi mpaka moyo wake ukapimwa. Moyo ulikuwa mzima. Daktari aliuliza mara mbili kama ni kweli ilikuwa kila siku.

Aliporudi hotelini, Mutahi alikuwa ameshaanza kazi bila kuambiwa. Maungio ameyafungua, kifuniko kile amekitupa nje, na sasa mkono wake mzima ulikuwa ndani ya tangi, stima yote ikiwa imezimwa, akivuta kitu nyuma ya pampu. Alitoa samaki aliyeoza, laini kama sabuni iliyolowa, bila macho, kisha wa pili. Mutahi alitapika kwenye ndoo. Murugi alisimama akimwangalia na hakumpa hata kitambaa.

Soketi mpya ya usalama iliwekwa jioni hiyo. Taa iliyoletwa wiki iliyofuata ilikuwa ya volti kumi na mbili tu, imezibwa isiingize mvuke, na kisanduku chake cha kupunguzia stima kikafungwa ukutani mbali na maji. Murugi alimwonyesha Mutahi namna ya kuuachia waya wa taa uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, ili tone la maji likiufuata lidondoke sakafuni lisiingie kwenye plagi. Walizungumza habari za kazi tu. Siku ya ruracio tangi lilikuwa giza, na Munene aliwaambia wageni kwamba samaki wanapumzika. Kabla ya hapo alikuwa amemkaribisha Murugi chakula, sahani ya samaki wa kukaanga na ugali. Murugi aliitazama sahani, akamtazama mwenye sahani, akachukua mfuko wake wa vifaa.

Wachuka hakurudi. Alipata kazi Nanyuki, katika duka la vitambaa la mama mmoja aitwaye Nadifa, na alimpigia Murugi simu kumwambia kwamba huko hakuna kitu chenye maji isipokuwa birika.

Mwezi mzima Mutahi hakusikika. Kisha asubuhi moja akaja kibandani akiwa na karatasi ya daftari la mtoto wake, iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameandika majina ya mahali. Wamagana, kwa mama wa kuku. Giakanja, kinyozi karibu na posho mill ya kusaga unga. Nyumba ya mwalimu mstaafu. Mahali kumi na moja ambapo aliwahi kupiga direct, alivyokumbuka.

"Si lazima unisamehe," alisema. "Lakini peke yangu hawatanifungulia. Watu watataka kuniuliza kwa nini, na sina la kusema."

Murugi aliisoma karatasi kutoka juu hadi chini. Kile kinyaa kilimpanda tena, kizito, na safari hii hakikuwa cha Mutahi peke yake. Ni yeye aliyemfundisha kukunja tepu vizuri, mwaka hadi mwaka, na hakuwahi hata siku moja kumfundisha maneno ya kumwambia mteja hapana. Alidhani mtu mwenye mikono misafi hayahitaji.

Walianza na kuku. Yule mama wa Wamagana aliwafukuza, akasema taa zake zinawaka na hajamwita mtu. Kinyozi aliwafungulia. Mwalimu mstaafu aliwafungulia na kuwatukana kwa saa nzima, yote ya haki, huku akiwashikia tochi. Hadi leo wamemaliza mahali saba. Murugi bado hamwiti Mutahi kwa jina, humwambia tu "shika hapa" na "leta testa". Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, walirudi kwa yule mama wa kuku mara ya tatu. Alikuwa amesimama getini na mikono kiunoni, na nyuma yake banda lilinuka hadi barabarani.

"Nyinyi hamchoki?" aliuliza.

"Tunachoka sana," Murugi akasema, akavuta leso yake juu ya pua. "Fungua."